Cheti cha ufundi cha Burundi kinatambulika huku Kigoma?

fundi_kibirizi: Wakuu habarini, shemeji yangu katoka Rumonge kasomea kuchomelea, cheti kipo kwa Kifaransa, kazi anaijua haswa juzi kaunga kitako cha injini ya boti hapa Kibirizi mpaka wenye boti wanauliza huyu katoka wapi. Akiomba kazi kwenye miradi anaambiwa lete cheti cha VETA, yaani mamlaka ya mafunzo ya ufundi ya hapa Tanzania. Si tuko jumuiya moja ya Afrika Mashariki jamani?

Mwanga_Sokoni: Moja kwenye makaratasi mkuu. Soko la Pamoja limeanza 2010 na ibara ya 11 ya itifaki inasema nchi zitambuliane vyeti, ila kila nchi ina mamlaka yake na madaraja yake. Kwetu VETA wanatoa NVA, yaani tuzo ya taifa ya ufundi stadi, ngazi ya 1 kupanda mpaka 3, Kenya NITA, mamlaka yao ya mafunzo ya viwandani, wanaanzia gredi III wanapanda mpaka I, yaani namba zimegeuzwa kabisa, sasa bosi wa saiti ataelewaje. Hao wakubwa wakae wapange madaraja yafanane kwanza, hotuba baadae.

dada_ujiji: Asirudi darasani. VETA wana utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia mtaani, wanaangalia kazi ya mkono, akifaulu anapewa cheti. Kaulizeni chuoni kama na mgeni wanampokea. Hicho cha Kifaransa kitafsiriwe, na kibali cha kazi je? Hapo ndo wengi wanakwama.

fundi_kibirizi: Kibali kinashughulikiwa. Asante dada, jumatatu tunaenda chuoni.

dada_ujiji: Abebe na picha za kazi zake.