Mzee anasafishwa damu, sasa anaambiwa afanyiwe baipasi ya moyo. Waliopitia, naomba ukweli

BintiSegerea:
Habari za jioni wakuu. Baba ana miaka 63, kisukari cha siku nyingi, na huu ni mwaka wa tatu anasafishwa damu kwa mashine kwa sababu figo zimegoma. Jumanne, Alhamisi, Jumamosi, masaa manne kwenye mashine kila akienda. Tunatoka Segerea saa kumi alfajiri ili awahi zamu ya kwanza. Mwezi uliopita akiwa kwenye mashine kifua kilimbana, jasho likamtoka mpaka shuka ikalowa. Wamempima: mishipa mitatu ya moyo imeziba. Daktari anataka baipasi, yaani apasuliwe kifua, waunge mshipa mwingine wa kupitishia damu pale palipoziba. Shangazi anasema mtu wa figo hapasuliwi kifua, baba mdogo anasema kiwanja cha Chanika kiuzwe. Msinibembeleze. Wanaofanyiwa wakiwa kwenye dayalisisi, huku kusafishwa damu, wanaishi muda gani?

SistaWaMashine:
Pole mdogo wangu. Mimi ni nesi wa kitengo cha kusafisha damu, wa moyo wana wakubwa wao, ila namba ninazo. Takwimu za Marekani za wanaosafishwa damu, zilizotolewa 2002: waliofariki kabla ya kutoka hospitali baada ya baipasi ni karibu 9 kwa kila 100, wa stenti, kile kijibomba kinachopanua mshipa bila kupasua kifua, ni 4. Lakini miaka miwili baadaye waliobaki hai ni 56 kwa baipasi na 48 kwa stenti. Yaani hatari kubwa unakutana nayo mlangoni. Nyingine ya 2012, ya wenye mishipa zaidi ya mmoja iliyoziba: miaka mitano baadaye walikuwa hai 22 hadi 25 tu kwa kila 100, njia yoyote ile, baipasi ikiwa mbele kidogo. Ni chache, najua. Ila na wasioguswa kisu, kinachowaondoa zaidi wagonjwa wetu ni moyo.

Mzee_Baba_Kimara:
Mbona kuna utafiti wa 2020, watu 777 wenye figo mbovu, ukaonyesha dawa tu inatosha? Msiuze kiwanja haraka.

SistaWaMashine:
Upo, na ni mzuri, kaka. Lakini ule ulikuwa wa watu waliotulia. Wenye maumivu yasiyovumilika hawakuingizwa. Huyu mzee anabanwa kifua akiwa kwenye mashine. Si wale.

MkweMbagala:
Mama mkwe wangu alifanyiwa 2016, akakaa miaka minne na miezi. Wiki sita za mwanzo usiulize. Kidonda cha kifua kiligoma kufunga kwa sababu ya sukari, na mashine ililetwa kitandani ICU. Maji tulimpimia kwa kikombe cha kahawa, kile kidogo cha wauza kashata. Lakini baadaye alipanda ngazi za ghorofani Kariakoo kuchagua khanga mwenyewe, kitu alichokuwa amekiacha kabisa. Kilichokuja kumharibia ni siku aliyokunywa madafu mawili kwenye harusi. Potasiamu, madini yaliyojaa kwenye madafu ambayo figo mbovu haziwezi kuyatoa, ilipanda, tukamkimbiza usiku ule ule.

Dada, swali moja: fistula ya mzee, ule mshipa uliounganishwa mkononi wa kuchomekea mashine, iko mkono gani?

BintiSegerea:
Kushoto, juu ya kiwiko. Kwa nini?

MkweMbagala:
Muulizeni daktari wa upasuaji. Mama naye ilikuwa kushoto. Mshipa wa ndani ya kifua upande wa kushoto ndio wanaoupenda kuungia, kwa kuwa unadumu. Sasa unatokea kwenye mshipa ule ule unaopeleka damu mkononi, na fistula inavuta damu nyingi. Mashine ikiwaka, fistula inaweza kuunyang'anya moyo damu. Sisi tulijadiliwa hilo siku mbili kabla.

SistaWaMashine:
Kweli kabisa. Na wasimkate mshipa wa mkono wa kulia wa kwenda kuungia moyo bila kuzungumza na watu wa figo, mkono ule ni akiba ya fistula nyingine.

BintiSegerea:
Hakuna aliyetugusia hilo la mkono. Miadi ni Jumatatu, nimeliandika nyuma ya kadi yake ya kliniki. Nimemsomea mzee majibu yenu yote, hata ile 22 kwa 100, shangazi akanikata jicho. Yeye kanyamaza, halafu kauliza kama miezi miwili mitatu atakayokaa bila kunyanyua kitu kizito inahesabu na kumbeba mjukuu. Nimemwambia inahesabu. Kasema basi mtoto aletwe wiki hii.