Naomba ushauri: kubadilisha kadi ya E1 iliyopigwa na radi kwenye ruta ya Cisco 2911

Mlinda_Laini

Ndugu zangu, habari za kazi. Ninasimamia mtandao wa ofisi moja hapa Dodoma. Wiki iliyopita, katika mvua iliyoambatana na radi, simu zote za mezani zilikatika ghafla, ilhali intaneti iliendelea kama kawaida. Ruta yetu ni Cisco 2911, na ndani yake mna kadi ya VWIC3-1MFT-T1/E1, ambayo ndiyo inayopokea E1, yaani laini ya kidijitali inayobeba simu nyingi kwa pamoja, kutoka kwa mtoa huduma. Taa ya CD (ya kuonyesha kwamba laini ipo) kwenye kadi hiyo imezimika na ile ya AL (ya hitilafu) inawaka muda wote. Kadi nyingine iko njiani kutoka Dar es Salaam na itachukua siku nne kufika.

Mkuu wangu wa kitengo anataka kadi iliyoungua itolewe leo hii, akihofia kwamba itaharibu zilizobaki, na anasema hakuna haja ya kuzima ruta kwa kuwa alishawahi kumwona fundi akichomoa kadi huku mtambo ukiwaka. Mimi nasita, kwa sababu sijawahi kuifungua ruta hii, na kuizima mchana ni kuiacha ofisi nzima bila intaneti. Je, nimkubalie?

FundiKebo

Ndugu Mlinda_Laini, kabla hujashika bisibisi, una hakika gani kwamba iliyokufa ni kadi na si laini ya mtoa huduma? Radi haichagui, na mara nyingi kifaa chao kilichoko nje ya jengo ndicho kinachotangulia kuungua. Chukua plagi ya RJ-45, unganisha pini ya 1 na ya 4, kisha ya 2 na ya 5, uichomeke kwenye kadi badala ya kebo ya laini, na saa ya kadi, yaani mapigo yanayoongoza mwendo wa data, uiweke kuwa ya ndani badala ya kuitegemea laini. Hapo kadi inajisikiliza yenyewe. Ikiwa nzima, taa ya CD itawaka na amri ya `show controllers e1 0/1/0` itaonyesha kwamba iko juu, na ugomvi wako utakuwa na mtoa huduma. Ikibaki chini, basi kadi imekwenda.

Mzee wa Raki

Mkuu wako hakudanganywa na macho yake, ila alichokiona ni ruta ya aina nyingine. Kwenye ruta ya Cisco ISR 4331, kwa mfano, kadi zake, ziitwazo NIM, zinaruhusu kubadilishwa mtambo ukiwa unafanya kazi, mradi uanze kwa kuisimamisha kadi kwa amri ya `hw-module subslot 0/1 stop`, usubiri taa yake izimike, ndipo uichomoe. Ruta za zamani za 7206VXR nazo ziliruhusu. Nafasi za EHWIC kwenye 2911, ambamo kadi kama yako huingia, haziruhusu hata kidogo: ukichomoa kadi umeme ukiwapo, unaweza kuunguza kadi, au ubao mkuu wa ruta, na hapo ofisi itakosa simu na intaneti kwa pamoja. Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba ruta lazima izimwe na waya wa umeme utolewe. Ikiwa mna RPS, yaani chanzo cha pili cha umeme cha akiba, nacho kichomolewe, kwa maana wengi hukisahau.

MamaSeva

Nakubaliana na waliotangulia, lakini hatari inayonitia wasiwasi zaidi haimo kwenye bisibisi. Imo kwenye hizo siku nne.

Ruta hii inapowashwa husoma mipangilio iliyohifadhiwa mstari kwa mstari, na kila mstari unaotaja kifaa ambacho hakimo ndani yake huukataa na kuendelea. Mipangilio iliyohifadhiwa inabaki salama, ila ile inayotumika wakati huo inakuwa na mapengo. Sasa mtu akibadilisha neno la siri, au jambo dogo lolote, kisha akaandika `write memory`, amri ya kuhifadhi, kama tulivyozoea, mapengo yale ndiyo yanayohifadhiwa juu ya mipangilio kamili.

Nilifanya kosa hilo mwenyewe nilipokuwa nikihudumia hoteli moja ya pwani. Nilitoa kadi mbovu jioni, nikawasha ruta, nikarekebisha anwani moja ya mtandao wa wageni, nikahifadhi na kwenda kulala nikijiona hodari. Kadi mpya ilipofika na kuingizwa, taa ziliwaka vizuri sana, na hakuna simu hata moja iliyoita. Mipangilio ya E1 ilikuwa imetoweka, na kila `dial-peer`, yaani kanuni ya kuelekeza simu, ilikuwa imepoteza mstari wake wa `port 0/1/0:15`. Hakukuwa na nakala popote. Niliandika upya kwa kukumbuka, hadi adhana ya alfajiri ikanikuta bado nimeketi mbele ya raki.

Kwa hiyo, ikiwa kadi haitoi joto la ajabu wala harufu, iache ilipo hadi mwenzake afike. Leo hii nakili mipangilio kwenye flashi ya USB kwa `copy startup-config usbflash0:`, na nakala nyingine iweke kwenye kompyuta yako. Kadi mpya iingie katika nafasi ileile ya ya zamani, kwa sababu ukiihamishia nafasi nyingine, 0/1/0 inakuwa 0/2/0 na mistari yote inayoitaja inakosa mwenyewe.

Mlinda_Laini

Nawashukuru sana. Nimetengeneza plagi kama alivyoelekeza FundiKebo na kuiacha ndani kwa dakika kumi: kadi haikuinuka. Mkuu nimemwonyesha maelezo ya Mzee wa Raki naye amekubali tusubiri, na nakala za mipangilio nimezitoa. Naomba sasa maelekezo ya kazi ya mikono yenyewe.

Mzee wa Raki

Kwanza, usiifanye wakati wa radi, kwa sababu kebo ya E1 inatoka nje na inaweza kuleta umeme hata ruta ikiwa imezimwa. Weka alama kwenye kila kebo kabla ya kuitoa. Ya E1 na ya mtandao wa kawaida zina plagi zinazofanana, na nimewaona watu wazima wakizibadilisha. Zima swichi ya ruta na utoe waya wa umeme, kisha toa kebo ya E1. Waya wa ethi uliofungwa nyuma ya ruta usiuguse, kwa kuwa ukishatoa waya wa umeme ndio unaobaki kuunganisha chasi (mwili wa chuma wa ruta) na ardhi, na bangili yako ya kuzuia umeme tuli inategemea chasi hiyo. Bana klipu ya bangili kwenye chuma kisichopakwa rangi. Usidharau jambo hili ati kwa kuwa huoni cheche: mwili wa binadamu huanza kuhisi umeme tuli ukifika takribani volti 3,000, ilhali baadhi ya vipande vya kadi huharibika kwa chini ya 100.

Legeza skrubu mbili, vuta kadi taratibu kwa kushika uso wake wa chuma, na usiguse meno ya dhahabu. Mpya iingie kwenye reli za pembeni na isukumwe hadi ikae. Ikigoma, itoe uanze tena, usiilazimishe. Skrubu zikazwe kabla ya kurudisha umeme.

Jambo la mwisho: Cisco iliacha kuuza ruta za 2900 Desemba 2017, kwa hiyo kadi unayoletewa huenda imetumika kwingine. Hakikisha lebo inasomeka VWIC3, na uijaribu kwa ile plagi kabla ya kurudisha laini.

Mlinda_Laini

Kazi imefanyika jana, kuanzia saa mbili usiku. Nilipozunguka nyuma ya raki niliukuta waya wa ethi unaning'inia, skrubu yake imelegea kabisa. Niliufunga kwanza ndipo nikaendelea, na leo fundi umeme anakuja kuukagua hadi unapoingia ardhini. Kadi mpya ilionekana kwenye `show inventory`, orodha ya vifaa vilivyomo kwenye ruta, ikapita jaribio la plagi, nikarudisha saa na kebo ya laini, taa ya CD ikawaka. Nilipiga namba ya ofisi kwa simu yangu ya mkononi na ikaita mezani pa mapokezi. Ni baada ya hapo tu ndipo nilipoandika `write memory`. Kadi iliyoungua nimeibandika karatasi yenye neno MBOVU, maana kabati letu lina tabia ya kurudisha vifaa vibovu kazini.