Pengo kati ya bei ya mfugaji na bei ya mlaji wa maziwa linatoka wapi?

Mfugaji mdogo:
Ndugu zangu, naomba ufafanuzi. Mvua zikishanyesha na malisho yakastawi, bei tunayolipwa kituoni kwa lita hushuka, ilhali mlaji wa mwisho haoni nafuu yoyote. Ni gharama zipi halisi zinazoingia hapo katikati, na ni kiasi gani kinatokana na unyonge wetu katika kupatana bei?

Mkusanyaji:
Ndugu mfugaji, takriban asilimia 87 ya maziwa ni maji, nayo husafirishwa kwa gharama ileile ya mafuta na protini zinazoyapa thamani. Isitoshe, maziwa hutoka kiweleni yakiwa na joto la mwili wa ng'ombe, na yasipopozwa haraka hadi nyuzijoto 4 hivi, bakteria huzaana kwa kasi na maziwa huchachuka. Ndiyo maana kunahitajika tangi la kupozea, umeme wa uhakika na gari linalopita kila siku. Gari hilo hutumia karibu mafuta yaleyale likirudi limejaa au likirudi nusu, kwa hiyo maziwa yanapopungua, gharama ya kila lita hupanda.

Mchumi wa kilimo:
Nakubali, lakini hoja ya unyonge isipuuzwe. Mwenye nafaka anaweza kuifungia ghalani akisubiri bei nzuri. Mwenye maziwa ya jioni yasiyopozwa hana hata usiku mmoja wa kusubiri, na mnunuzi analijua hilo. Msimu wa neema kila mfugaji huleta maziwa mengi kwa wakati mmoja, ila mlaji haongezi unywaji kwa kiwango hicho, na ziada hulazimika kugeuzwa siagi au maziwa ya unga. Pasipo mitambo ya kukausha, ziada hiyo hukataliwa mlangoni. Tazameni pia mafuta yaliyomo kwenye maziwa: msindikaji huweza kuondoa sehemu ya malai na kuiuza peke yake, hivyo mfugaji anayelipwa kwa ujazo tu hapati chochote kwa maziwa yake mazito. Kwa maoni yangu, malipo yanayozingatia kiwango cha mafuta ni dai la haki kabisa.

Mfugaji mdogo:
Nashukuru sana. Je, tukinunua tangi letu kwa njia ya ushirika, nguvu itahamia kwetu?

Mkusanyaji:
Kwa sehemu kubwa, ndiyo, maana mtakuwa na muda wa kutafuta mnunuzi wa pili. Lakini kila ndoo ipimwe kabla ya kumiminwa. Laktomita, yaani kifaa cha kupimia uzito wa maziwa, husaidia kubaini maji yaliyoongezwa, ila haionyeshi mabaki ya dawa, na maziwa ya ng'ombe mmoja aliyetibiwa kwa antibiotiki yanaweza kusababisha tangi zima likataliwe. Kisha wekeni akiba ya malisho, nyasi kavu au sileji (majani mabichi yaliyovundikwa), kabla hamjakopa fedha za tangi, kwa sababu rejesho la mkopo halingoji mvua, na tangi litakalokaa tupu kiangazi chote litawarudisha kwa mnunuzi yuleyule mkiwa na deni juu.