Tokeni moja kura moja: tuendelee nayo?

Mleta mada:
Wakuu, tuliambiwa miradi ya sarafu za kidijitali haina bosi, wenye tokeni, yaani vipande vya sarafu ya mradi, ndio wanaoamua kwa kura. Mwaka 2022 Chainalysis, kampuni inayochunguza sarafu hizi, walipitia miradi 10 mikubwa inayoendeshwa kwa kura, wakakuta chini ya asilimia 1 ya wenye tokeni wameshika asilimia 90 ya nguvu ya kura. Mimi nasema utaratibu huu wa tokeni moja kura moja uvunjwe.

Mchangiaji:
Sikubaliani, mkuu. Mwenye tokeni nyingi ndiye anayeumia zaidi mradi ukifa, lazima awe na sauti. Ukitaka kila mtu kura moja kama SACCOS, nafungua pochi mia za kidijitali usiku mmoja. Nani atanijua?

Mleta mada:
Ya pochi mia naikubali, haina dawa rahisi. Ila hiyo ya kuumia zaidi imeshaanguka. Kumbuka Steem, mtandao wa sarafu, 2020. Justin Sun, mwanzilishi wa mtandao wa Tron, alinunua kampuni ya Steemit pamoja na rundo lake la tokeni. Jamii ya watumiaji ikaingiwa hofu, ikazizuia zisipige kura. Tarehe 2 Machi, Binance, Huobi na Poloniex, masoko ya kuuzia sarafu, zikamuunga mkono kwa kura, na mashahidi wote 20 wa juu, wale wanaothibitisha miamala ya mtandao, wakang'olewa. Kwa tokeni za nani? Za wateja! Mtu kaweka sarafu zake sokoni, kumbe zimefungiwa kwenye kura, na wakati huo kuzifungua zote ilikuwa wiki 13. Binance na Huobi baadaye ziliondoa kura zao, lakini tarehe 20 Machi wengi wakahamia Hive, mtandao mpya uliojitenga na Steem. Soko lingeumia nini hapo? Mali haikuwa yake.

Na Beanstalk, mradi mwingine wa kura, Aprili 2022: mtu alikopa takriban dola bilioni 1, akapata zaidi ya theluthi mbili ya kura, akapitisha pendekezo lake la kujichotea hazina, akarudisha mkopo, yote ndani ya muamala mmoja. Mradi ukapoteza kama dola milioni 182.

Basi narekebisha hoja: uzito wa kura kwa wingi wa tokeni ubaki, ila zihesabiwe tokeni ambazo mwenyewe alizifungia kabla ya pendekezo kutangazwa. Na soko lisiguse kura ya mteja.

Mchangiaji:
Kwa soko niko nawe kabisa. Kwa kufungia, bado. Mradi wa Curve wanafanya hivyo, na kura nyingi zaidi anapata anayefungia miaka 4. Nyangumi, yaani mwenye tokeni nyingi, ataweza. Mimi ninayesubiri ada ya mtoto Januari nafungia nini?