Luanda Magere alikuwa jiwe, nyinyi mmemfanya hariri. Nimechoka!

Jamani wana jukwaa, habari za jioni. Mimi si mtu wa kufungua nyuzi, huwa napita, nasoma, nacheka, naondoka. Leo mniache nipige kelele, maana asubuhi nimekata mkono wa koti la mteja vibaya kwa sababu ya hasira, na koti lenyewe ni la harusi ya Jumamosi.

Kazi yangu ni fundi cherehani. Nashona nguo za kiume pale Kiyembe, Kampala: suti, suruali za ofisini, kanzu za kwanjula, ile sherehe ya Kiganda ya binti kumtambulisha mchumba kwao. Kwetu ni Busia, upande huu wa Uganda, na Kiswahili nimekinyonya mpakani pamoja na vumbi la malori. Umeme ukikatika, nakaa nyuma ya cherehani na simu yangu nasoma fanfiki, zile hadithi ambazo shabiki anamchukua shujaa ambaye hakumbuni yeye na kumtungia visa vipya. Nazipenda. Nimezisoma miaka. Kwa hiyo asije mtu hapa kuniambia sielewi mambo ya vijana.

Sasa kisa chenyewe. Kundini kwetu WhatsApp kuna mwandishi mmoja, jina silitaji, anajijua. Wiki iliyopita alitangaza kwamba anaanza hadithi ya Luanda Magere. Nilifurahi hadi nikanunua MB za wiki nzima. Nyanya yangu aliyemzaa mama alikuwa Mjaluo, na hicho kisa alitusimulia tukimenya mihogo uani, kila mara akifika pale pa kivuli anashusha sauti na sisi tunaacha kumenya.

Kwa asiyekijua: Luanda Magere alikuwa shujaa wa Wajaluo wa Kano, na mwili wake ulikuwa jiwe. Mkuki ukimpiga unadunda. Mishale inaanguka chini kama vijiti. Wanandi waliposhindwa naye vitani wakampa binti yao amwoe, ili ajue siri. Watu wa kwao walimwonya, hakusikia. Siku akaugua, akamwambia mke amchanje apakwe dawa. Mke akachanja mwili, kisu hakiingii. Basi yule bwana, kwa maumivu na kwa ujinga wa kupenda, akamwambia: chanja kivuli changu. Akachanja kivuli, damu ikatoka. Usiku mwanamke akatoroka kwenda kwao, na vita vilivyofuata hawakuurushia mikuki mwili tena, walikirushia kivuli. Akaanguka, akawa jiwe kabisa, na wanasimulia kwamba wawindaji walikuwa wakinoa mikuki yao kwenye jiwe hilo.

Mmeona kisa kilivyofungwa? Kila kitu kimening'inia kwenye ile ngozi. Ngozi ikilegea, hakuna hadithi.

Haya, sura ya pili ya mwandishi wetu. Magere anaoga mtoni. Nimehesabu: ujumbe mmoja mzima na nusu ni maji tu yanamtiririka. Ngozi yake ni laini kama hariri. Rangi yake maji ya kunde. Macho yake, mniwie radhi, ni ya kijani. Taya lake limechongwa. Tumbo lina siksipaki. Binti wa Kinandi anatokea kwenye matete, anaweka kidole kifuani, na kifua KINABONYEA. Kisha ukucha wake unamkwaruza kidogo kwa bahati mbaya, linatoka tone la damu, binti analifuta kwa kanga yake huku moyo ukimwenda mbio.

Damu! Sura ya pili! Kwa ukucha!

Banange. Wanandi walipigana na huyu mtu miaka na miaka kwa mikuki ya chuma, kumbe walihitaji msichana mmoja asiyekata kucha.

Nikaandika kundini kwa upole kabisa: dada, mbona damu inatoka? Nikajibiwa na mashabiki zake kumi kwa mpigo. Usipopenda usisome. Ni ndoto zetu. Wewe una wivu wa mwili. Huyo wa wivu wa mwili nitarudi kwake.

Tatizo si Magere peke yake. Huu ni ugonjwa wa kundi zima. Kila shujaa anayeingia mikononi mwenu anatoka na mwili uleule mmoja, kama makoti ya dukani. Harry Potter mnamjua: mtoto mwembamba, magoti yamechomoza, miwani imegandishwa kwa utepe, anavaa nguo kuukuu za binamu yake mnene, zote zinampwaya. Mimi kama fundi hapo ndipo nilipompendea. Nguo inayompwaya mtoto inakueleza nyumba anayoishi bila mtu kusema neno. Nendeni mkasome alivyo kwenye fanfiki za kundini: shati linambana kifua hadi vifungo vinalia, miwani imetupwa, mabega kama mlango wa gereji. Kijana aliyekulia kabatini chini ya ngazi, kifua hicho alikijenga wapi, kwa kunyanyua mafagio? (Macho ya kijani yeye anayo kweli, kitabu kinasema. Nadhani ndiko mlikoyaiba mkaanza kumgawia kila mtu.)

Wolverine naye. Kwenye vitabu vya katuni ni mfupi, futi 5 na inchi 3, ameshiba mwili, manyoya hadi mabegani, na ufupi ule ndio unaomfanya atishe, maana adui anamdharau kwanza. Filamu zilimpa mwigizaji wa futi 6 na zaidi, sawa, kamera ina mambo yake. Lakini wewe unayeandika huna kamera! Neno halihitaji kukodi mtu mrefu. Unaweza kumwandika mfupi bure.

Hapa niseme jambo la ma-VJ. Wengi wetu Uganda tumekulia kwenye vibanda vya video, VJ anatafsiri filamu kwa Kiganda huku akiongeza chumvi, pilipili na jina la shemeji yake. Anaweza kumwita mwigizaji mwembamba "dume la ng'ombe" na ukumbi ukacheka, kwa sababu picha iko mbele yetu, tunamwona mwembamba wetu palepale. Ninyi picha hamna. Mkisema uongo kuhusu mwili, mwili umekwisha, hakuna ukuta wa kuusahihisha.

Na Liyongo? Mwaka juzi kuna aliyemjaribu. Fumo Liyongo wa utenzi ni mrefu, mpana, watu wanakuja kumtazama tu, na haiba anayo, utenzi wenyewe umempa neno hilo. Hapo sina ugomvi, mpeni uzuri wote. Lakini haingii chuma popote ila kitovuni, msumari wa shaba, na anayemchoma ni mwanawe. Yule mwandishi wetu alimvika deraya ya dhahabu kutoka shingoni hadi magotini ili "ang'ae". Mwana atapitisha wapi msumari? Nilimuuliza. Akaniondoa kwenye orodha yake.

Najua si ugonjwa mpya wala si wa Waafrika. Mwaka 1973, Marekani, Paula Smith alichoshwa na hadithi za mashabiki wa Star Trek, ile tamthilia ya safari za angani, akaandika kichekesho kifupi cha luteni mmoja aitwaye Mary Sue, miaka 15 na nusu, mdogo kuliko maluteni wote na kila mtu anamshangaa. Jina likabaki kuwa tusi hadi leo, la mhusika asiye na dosari hata moja. Miaka zaidi ya 50, jamani, na bado tuko kwenye mto, tunaoga.

Mnayempa maji ya kunde, nawe njoo karibu. Nyanya yangu alimsimulia Magere mweusi kama chungu kilichokaa jikoni. Wewe umempaka mkorogo. Tena huo wa bei rahisi, maana sura ya tatu umesahau ukamwita "mweupe kama maziwa". Hawa wasichana wa mitaani kwetu tunawakemea kwa krimu, na shujaa wa miaka hiyo unampaka wewe mwenyewe bila hata kumuuliza.

Halafu lugha. Taya "limechongwa" na nani? Kwetu kinachochongwa ni kinyago, penseli na mdomo wa mtu mwenye maneno. "Mboni zake zilishuka taratibu hadi kifuani", hili nalo nimelisoma, nikabaki nawaza mboni zinavyobingirika kama gololi. Kiswahili kina mwanya. Kina vishimo vya mashavuni, kina pua ya upanga, kina mtanashati, kina mtu ambaye si mzuri lakini ana mvuto, akiingia unasogea kumpisha kiti bila kujua kwa nini. Mnayaacha yote haya mnakwenda kukopa taya.

Sasa yule wa "wivu wa mwili". Ndugu yangu, mimi nashika futi kamba kila siku ya Mungu. Miili ya wanaume naijua kuliko daktari, kwa sababu daktari hamzungushii mtu kamba kiunoni akamwona anavuta tumbo ndani. Kuna hadithi yenu moja ilitaja vipimo: kifua inchi 56, kiuno 28. Niliacha kuwaza, nikachora patani kwenye karatasi ya kaki, nione. Suti za kawaida hukatwa kifua kikizidi kiuno kama inchi 6. Ile ilitoka kama faneli ya mafuta ya taa. Huyo shujaa hawezi kuvaa koti, labda kulikalia. Na mwaka 2012 Kiprotich wetu alitwaa dhahabu ya marathoni London kwa mwili mwepesi wa mkimbiaji. Mpe kifua hicho cha 56 abebe kilomita 42 tuone kama atafika kilomita ya tatu.

Nguvu yenyewe haifanani na mnavyodhani. Mwezi uliopita alikuja mzee mmoja mchukuzi wa Kikuubo, mtaa wa maduka hapa Kampala, binti yake anafanyiwa kwanjula, anataka koti la kuvaa juu ya kanzu. Miaka yote amebeba mizigo. Bega la kulia limeshuka inchi nzima chini ya la kushoto. Shingo nene, sugu nyuma yake ngumu kama kisigino, tumbo lipo, miguu myembamba. Akaniambia chini chini, "Fundi, hilo bega ulifiche." Nikamwambia, "Nitalificha, mzee wangu." Nikatia pedi upande wa kulia, nikasawazisha, nikaona kazi safi. Siku ya kujaribu akaja na mkewe. Mzee akasimama mbele ya kioo, amenyooka kama afisa. Mama akamzunguka, akagusa lile bega, akavuta vuta pedi, akanigeukia: "Toa hiki kitu. Huyu mimi simjui."

Nikatoa.

Ndiyo maana nikisoma binti wa Kinandi anampenda Magere kwa sababu ya hariri, nakasirika. Fikiria tu angeandikwa na mtu mwenye akili: mwanamke analala na mwanamume ambaye ngozi yake ni baridi alfajiri na inashika joto la jua mchana kama mawe ya mtoni. Hakuna alama ya kucha. Hakuna kovu, mtu wa vita vyote hivyo, hakuna hata kovu moja la kuuliza lilitoka wapi. Hapo pana mapenzi ya kutisha kuliko maji yote mliyomwagia.

Niseme ukweli pia, nisionekane malaika. Mimi mwenyewe nilijaribu kuandika mwaka 2019, na shujaa wangu nilimpa macho ya asali na urefu wa futi 6 na inchi 4. Mimi nina futi 5 na 5. Mnaelewa kilichotokea. Niliifuta. Na kuna dada mmoja wa Arua kundini humo humo ambaye anaandika vizuri mno, shujaa wake anachechemea, na kila mara wanapokimbia lazima mtu mmoja abaki nyuma naye. Hadithi nzima imejengwa juu ya nani anabaki. Ana wasomaji tisa. Yule wa hariri ana mia nne.

Basi, wadau, mwenye Luanda Magere aliyeandikwa vizuri aniwekee hapa chini. Matusi pia yaleteni, nitayasoma nikishaupachika huu mkono wa koti.

NYONGEZA, saa nne usiku: Mwandishi mwenyewe ameniona na amenitumia ujumbe pembeni. Anasema niwe mvumilivu, eti kivuli kinakuja sura ya 12. Nimemuuliza, kivuli cha kazi gani, kama ukucha umeingia nyamani tangu sura ya 2? Tiki mbili za bluu. Kimya.