Kukoroma tu, au pumzi inakatika?

Swali: Wakuu, mtu akikoroma usiku kucha, utajuaje kama pumzi inakatika usingizini?

Jibu 1: Mkuu, sikilizia ukimya, si mkoromo. Koo likiziba, kifua na tumbo vinaendelea kuhangaika lakini hewa haipiti, sekunde 10 au zaidi, kisha anashtuka kama aliyekabwa. Mrekodi kwa simu, uhesabu. Mara 5 kwa saa si za kupuuza. 30 ni hali kali.

Jibu 2: Na mchana? Kuamka kichwa kinauma, mdomo mkavu, kusinzia kwenye usukani. Shingo ya mwanamume ikizidi sentimita 43, shaka inaongezeka. Wembamba nao wanapata, msidanganyike.

Jibu 3: Presha inayogomea dawa pia. Akapimwe usingizi hospitali. Kwa sasa alale ubavu, aache pombe na vidonge vya usingizi, vinalegeza koo.