Jozani kwenda na kurudi siku moja kutoka mjini: waliokwenda wenyewe, tupeane uzoefu

Bint Mikunguni
Assalaam alaykum wana jamvi. Tunataka kuwatoa watoto Jumamosi moja kabla skuli hazijafunguliwa, twende Jozani, ule msitu wa kima punju hapa Unguja, na turudi siku hiyohiyo. Watu wazima tuko wanne, watoto ni wa kila rika, mdogo bado anabebwa, na bibi yao keshasema safari hii haachwi. Gari hatuna. Nimeuliza huku na kule, kila mtu ana lake: mmoja anasema saa mbili zinatosha, mwingine anasema tuunganishe na pomboo wa Kizimkazi, na shemeji yangu anasema kima ni kima tu, hata nyuma ya banda la kuku wapo. Waliofika kwa miguu yao wenyewe naomba waseme. Mlikwendaje, saa ngapi, mlikula wapi, na kipi kiliwasumbua?

Utingo Mstaafu
Bibie, kwenda hakuna shida. Gari za Makunduchi (310), Jambiani (309) na Bwejuu (324) zote zinapita mlangoni kabisa. Tunguu, Bungi, njia ya Unguja Ukuu, mkiona Pete anzeni kukusanya watoto. Mwambieni utingo mapema "Jozani getini", asije akakupitisheni mpaka Kitogani.

Kazi iko kwenye kurudi. Gari ya shamba inalala shamba. Asubuhi inaleta watu mjini, jioni inawarudisha kwao na inabaki hukohuko na dereva wake. Kwa hiyo jua likianza kuinama mtaziona gari zinapita, tena nyingi, lakini zote zinakwenda upande msioutaka. Nimewahi kuona familia nzima imekaa pale barabarani na mabakuli yao matupu, Magharibi inaingia. Saa tisa muwe mmeshasimama ng'ambo ya barabara. Kama hamtaki wasiwasi huo, kodini gari ya siku nzima mchangiane, na bei mpatane kabla hamjapanda.

Mama Twalib
Mie nilikwenda na wanangu na wa dada yangu. Nasema fikeni mapema, lango linafunguliwa saa moja na nusu. Wale kima punju asubuhi wanakula, na wakila wanashuka chini chini, kwenye vichaka na miti ya mashambani upande wa pili wa barabara, mnawaona vizuri bila kukunja shingo. Saa sita jua kali wanapanda juu, wanajinyoosha kwenye matawi, mikia inaning'inia, basi. Watoto wanaangalia mikia. Kundi lililoingia nyuma yetu mchana lilitoka linalalamika kwamba limelipia mikia.

Sisi tulimuona mmoja na mtoto wake, hatua chache tu kutoka tulipo, anavuta tawi, anachuma majani machanga moja moja, la kwanza ananusa, la pili anatia mdomoni. Mwongoza wageni akawaambia watoto wamtazame mkono: kidole gumba hana. Mwanangu wa kati mpaka leo akikataa kufunga vifungo vya shati anasema yeye kima punju.

Chakula: hotipoti ya pilau, chapati, katlesi, chai ya birika. Ila msifungue kwenye njia za kima. Kuleni getini kwenye mabanda, na taka zenu rudini nazo.

Mwl. Jiografia
Dada, wengi wanasahau kuangalia maji. Jozani si kima peke yake. Kiingilio kilekile kinakupeni msitu wenyewe, ule wa mitondoo na michikichi unaoota kwenye ardhi yenye maji karibu, halafu njia ya mbao ya mikoko upande wa Pete. Pale kwenye mikoko ndipo mwezi unapohusika.

Siku za bamvua, maji yanapojaa na kukauka sana, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwetu hapa maji hujaa alfajiri na tena alasiri ya saa kumi hivi, kwa hiyo saa nne au tano asubuhi mtakuta matope. Si hasara: mizizi yote iko nje, kaa wanatembea na gando moja kubwa, mtoto mwenye macho hatoki pale. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni kinyume, asubuhi hiyohiyo maji yako chini ya mbao na vidagaa vinapita baina ya mizizi. Wanafunzi wangu niliwapeleka kwenye maji makavu kwa makusudi, wajue kutenganisha mkoko wenye mizizi ya kupinda kama miguu ya buibui na mchu wenye vidole vilivyosimama kwenye tope. Waliokuja na viatu vyeupe walinichukia.

Mbao zikilowa zinateleza. Anayebebwa abebwe na mtu mwenye viatu madhubuti.

Kigamboni Kwetu
Mimi nilivuka kutoka Dar na boti ya kwanza, na jioni nikarudi. Inawezekana, ila siku nzima unaangalia saa. Bandarini nilipokelewa na kijana mmoja akaniuzia "mwongoza wageni wa msituni" kwa bei yake. Kufika getini naambiwa mwongoza wageni yumo ndani ya kiingilio, tena huruhusiwi kuingia bila yeye. Lipieni getini tu, wakuu. Na mchukue vitambulisho, mwenyeji hatozwi sawa na mgeni wa nje.

Mtu wa Pete
Nimezaliwa huku, niseme mawili.

Huyo kima punju duniani hayuko popote isipokuwa Unguja, na wachache waliopelekwa Pemba. Sensa iliyotangazwa 2017 ilikuta zaidi ya 5,800, mara tatu ya makisio ya mwanzo. Mnakuja kumtazama saa moja, sisi tunaishi naye. Anakula vidaka vya minazi yetu, wazee walipiga kelele miaka mingi, ndipo wakulima wa mashamba yale wakawekewa fungu katika fedha za wageni. Kwa hiyo mnapomuona juu ya mti wa mtu, jueni mti una mwenyewe.

La pili ni barabara. Zamani alikuwa anagongwa mno. Yale matuta mnayoyalaani mkiwa ndani ya daladala ndiyo yaliyopunguza vifo vyake. Mkikodi gari mwambieni dereva apunguze mwendo.

Na msimpe chakula. Ana chake. Mkaa pia anakula, si uongo. Anaingia mpaka kwenye tanuri lililokwisha kupoa, anachukua kipande anakwenda kukaa juu anakitafuna. Majani ya mikungu na miembe anayokula mashambani yana ukali wake, mkaa unamtulizia tumbo.

Sheha Mtarajiwa
Mwalimu kamaliza, Mtu wa Pete kamaliza. Mie napinga la Kizimkazi kwa watu wasio na gari. Pomboo wanatafutwa alfajiri, kima asubuhi, mtoto mchanga na bibi hawagawiki mara mbili.

Binti Dimbani
Sheha, usitufungie njia! Wenye gari wanaweza: baharini kwanza mapema, mkitoka mnapita msikiti wa Dimbani wenye maandishi ya mwaka 1107, halafu Jozani alasiri wakati kima wanashuka tena kula. Na boti isiyowafukuza pomboo ndiyo ya kupanda. Ila kwa hao wa daladala, haya, nimekubali, waache.

Mzee Vuli
Msiende masika. Njia ya msituni inajaa maji na mbu wanakaribisha wageni kwa furaha.

Bint Mikunguni
Ahsanteni nyote, Mungu akulipeni. Tumeafikiana hivi: tunaondoka saa moja, kima kwanza, kisha msitu, halafu mikoko, tunakula saa saba, saa tisa barabarani. Kizimkazi siku nyengine. Nimeangalia kalenda, Jumamosi hiyo ni siku mbili baada ya mwezi mpevu, kwa hiyo tutakuta kaa. Limebaki moja: bibi magoti yanamsumbua. Kuna pa kukaa?

Mama Twalib
Viti vipo pale getini chini ya banda, na kima wa mashambani ni hatua chache tu kuvuka barabara, atawaona. Njia ya msituni ataichoka, hiyo asiende. Mwachieni birika la chai na mtu wa kuzungumza naye.

Utingo Mstaafu
Na akae kiti cha mbele kwa dereva, wakati wa kwenda na wa kurudi. Piga simu usiku wa kuamkia siku hiyo umwekee nafasi, watu wa Makunduchi hawachelewi kukikalia.